Switipi kuanzia kikopo hadi bustanini: dalili, chanzo na cha kufanya

Switipi ni ua la jamii ya njegere, kwa jina la kitaalamu Lathyrus odoratus. Linapanda juu ya kamba na vijiti, na shada lake dogo tu linatosha kujaza chumba harufu. Wanaoshindwa nalo hushindwa mapema: mbegu hazioti, au zinaota na miche inakuwa mirefu kama uzi, au inafika bustanini na kukaa wiki tatu bila kuongeza jani. Nimeyapanga maelezo haya kwa dalili ili uende moja kwa moja kwenye unachokiona mbele yako. Lakini kuna jambo moja linaloeleza sehemu kubwa ya matatizo yote, nakuomba ulisome kwanza.

Kwao switipi ni Sicily na kusini mwa Italia. Mwaka 1699 mtawa wa Sicily, Francesco Cupani, alituma mbegu zake Uingereza, na baada ya miaka yote hiyo mmea huu bado haujasahau kwao. Kule mbegu huota mvua za vuli zinapoanza. Mche hupitisha miezi ya baridi ukijenga mizizi, huku juu ukionekana kama umelala. Majira ya kuchipua hupanda na kuchanua, na kiangazi kikali kinapofika umeshaacha mbegu na kufa. Utoto wake, basi, ni utoto wa baridi. Anayeulea kama mche wa nyanya au pilipili, mahali penye joto, anauharakisha juu na kuunyima chini.

Kwa hiyo kila dalili utakayoiona, jiulize hali ilikuwaje siku kumi au kumi na tano nyuma. Switipi haiumwi leo ikaonekana leo. Mche uliodumaa bustanini mara nyingi uliharibikia kwenye trei.

Onyo dogo kabla ya kuanza: mbegu za switipi zina sumu. Zinafanana na njegere ndogo zilizokauka, kwa hiyo usizihifadhi jikoni, na usiziache mahali mtoto anapofika.

Siku zinapita, hakuna kilichoota

Hesabu siku kabla ya kuhukumu. Kwenye joto la nyuzi 15 hadi 18 mbegu nzuri hutokeza ndani ya wiki moja hadi mbili. Kukiwa na baridi zaidi huchukua hata wiki tatu, na hakuna ubaya wowote. Usimwage trei kabla ya siku ya 21.

Zikipita hizo, fukua mbegu moja kwa kijiti na uiangalie. Ndiyo njia pekee ya kujua, kwa sababu mambo manne tofauti kabisa yana sura moja ukitazama udongo kwa juu.

Ukikuta mbegu ni ngumu kama changarawe na haijaongezeka ukubwa tangu uipande, maji hayajaingia. Ganda la switipi, hasa la mbegu nyeusi nyeusi, wakati mwingine huziba kabisa. Tiba yake ni kulichuna. Shika mbegu kwa vidole viwili, tafuta kile kidoa ilipokuwa imeshikamana na ganda la mama yake, yaani kitovu chake. Huko kitovuni ndiko mzizi utakakotokea, kwa hiyo usikuguse. Geuza upande wa pili, sugua na msasa au bana kidogo sana kwa kikata kucha, mpaka uone rangi ya maziwa chini ya weusi. Kidoa cha ukubwa wa kichwa cha pini kinatosha. Ukienda ndani zaidi unakula chakula cha mche na kufungulia ukungu mlango. Mbegu iliyochunwa hivyo ikilazwa juu ya karatasi laini yenye unyevu huwa imevimba kesho yake.

Ukikuta mbegu imevimba lakini ni laini, na ukiibonyeza inatoa ute wenye harufu mbaya, imeoza. Ama udongo ulilowa mno, ama uliloweka mbegu muda mrefu kupita kiasi kabla ya kupanda. Kuna ubishi wa miaka mingi kati ya wanaoloweka na wasioloweka. Mimi siloweki mbegu yoyote. Nazipanda kavu kwenye udongo wenye unyevu, namwagilia mara moja vizuri, kisha naacha. Ukipenda kuloweka, iwe usiku mmoja tu: asubuhi zilizovimba zipande mara moja, na zile zilizobaki ndogo na ngumu ndizo uzichune. Mbegu ni kitu hai, inavuta hewa, na kuiacha ndani ya maji siku mbili ni kuizamisha.

Ukikuta ganda tupu, au shimo dogo na hakuna kitu, ni panya. Panya hupenda mbegu za switipi mno, na hupita kwenye tundu ambalo usingedhani panya anapita. Hufukua kila kikopo kwa mpangilio, moja baada ya jingine, na usiku mmoja unamtosha kumaliza trei nzima. Funika trei kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, au kwa kifuniko kizito, mpaka miche iwe na majani. Mbegu ikishatumika chakula chake, panya hana haja nayo tena.

Jambo la nne ndilo la kufurahisha: unaikuta mbegu imeshatoa kamzizi keupe. Irudishe taratibu, mzizi ukielekea chini, funika, na usifukue nyingine yoyote.

Kina kinachofaa ni sentimita 1 hadi 2. Mbegu hizi hazihitaji mwanga ili kuota, kwa hiyo kabla hazijatokeza unaweza kuziweka popote nyumbani penye joto la wastani. Zikishatokeza tu, mambo yanageuka, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Mche ni mrefu, mwembamba, unalala

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na nitakaa nalo.

Msimu wangu wa kwanza niliweka trei juu ya friji, kwa nyuma panapotoka joto. Mbegu ziliota siku ya 6 nikaona nimepata siri. Siku ya 15 miche ilikuwa na urefu wa kiganja, rangi ya kijani iliyofifia, pingili kati ya jani na jani ndefu kama kidole, na yote imelalia ukingo wa trei upande wa dirisha. Nilipoivuta mmoja, chini kulikuwa na mizizi mitatu tu, myembamba kama nywele. Juu kulikuwa kumekimbia, chini kumebaki.

Chanzo ni joto na mwanga kwa pamoja. Joto huuambia mche ukue, mwanga hafifu hauupi cha kujengea, basi unarefuka kuutafuta mwanga. Ukipunguza joto pekee, mche hupungua mbio na huvumilia mwanga wa wastani. Ukiongeza mwanga pekee huku chumba kikiwa cha moto, bado utarefuka. Kwa hiyo kama huwezi kurekebisha yote mawili, anza na joto.

Siku ile ile vichwa vya kijani vinapochungulia juu ya udongo, toa trei kwenye joto. Mahali pazuri ni penye nyuzi 5 hadi 10 na mwanga mwingi: ukumbi wa nje uliokingwa na upepo, kibanda cha kioo kisichopashwa joto, au kisanduku cha kuoteshea chenye kifuniko kinachopitisha mwanga. Usipoweza kupata baridi hiyo, chagua pale palipo baridi kuliko pote na penye mwanga kuliko pote, na usiku uwe wa baridi kuliko mchana. Watu huogopa kuiweka miche midogo kwenye baridi. Usiogope, ndiko kwao. Mche uliokulia kwenye baridi unakuwa mfupi, mnene, wa kijani kilichokolea, na ukiugusa unahisi umekaza.

Miche iliyokwisha kurefuka haijapotea. Kata kichwa. Subiri mche uwe na jozi mbili au tatu za majani, kisha tazama pale jani linapoungana na shina. Kwenye kwapa lile utaona kitone cha kijani, wakati mwingine kidogo kiasi cha kuhitaji kusogeza macho. Hicho ni chipukizi linalosubiri zamu. Kata shina juu kidogo ya jani la pili au la tatu, kwa ukucha au mkasi safi, usiache kisiki kirefu. Ndani ya wiki moja au mbili, vile vitone vinaamka, na chipukizi zinazotoka huwa na nguvu kuliko shina ulilolikata. Wakulima wa maonyesho, wanaolea shina moja tu kwa kila mmea ili wapate maua makubwa, hulitupa shina la kwanza na kuchagua chipukizi la pembeni, kwa sababu wanajua shina la kwanza la switipi kwa asili ni dhaifu.

Inauma kukata mche ulioungojea wiki tatu. Kata tu. Lakini ukishakata hamishia kwenye baridi, maana ukirudisha mahali pale pale, chipukizi nazo zitarefuka vile vile.

Mche umeanguka ghafla, shingo imesinyaa

Jana ulikuwa umesimama, leo umelala, na pale shina linapotokea kwenye udongo kuna sehemu nyembamba, ya kahawia, kama imebanwa na uzi. Hicho ni kinyausi. Husababishwa na vimelea vya udongoni kama Pythium na Rhizoctonia, ambavyo hupenda udongo uliolowa, hewa iliyotulia na miche iliyobanana.

Mche ulioanguka hivyo hauinuki. Utoe pamoja na udongo unaouzunguka, usiuache usiku kucha kati ya wenzake. Iliyobaki ipe hewa: ondoa kifuniko cha plastiki kama bado kipo, tenganisha vikopo, na acha uso wa udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena. Mwagilia kwa chini, kwa kuweka vikopo ndani ya sinia ya maji kwa dakika 20 au 30, kisha uvitoe. Msimu ujao osha vikopo kwa maji ya moto na sabuni, na tumia udongo mpya wa kuoteshea, si ule wa mwaka jana.

Mche umekatwa, au haupo

Soma alama. Udongo ukiwa umefukuliwa, ni panya au ndege. Udongo ukiwa umetulia na shina limekatwa juu kidogo ya usawa wa udongo, tafuta ute unaong'aa ukingoni mwa kikopo: konokono, mwenye gamba au asiye na gamba. Bustanini, shina likikatwa usawa wa ardhi usiku na mche ukilala pale pale bila kuliwa, kuna uwezekano mkubwa ni sota, kiwavi anayejificha udongoni. Kwaruza udongo kuzunguka mche kwa kidole na utamkuta amejikunja sentimita chache chini.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu limeniokolea miche mingi. Switipi si kama maharage. Haragwe linapoota hupandisha zile nusu mbili za mbegu juu ya udongo, na likikatwa chini yake limekwisha. Switipi huziacha nusu zake chini, zimefunikwa, zikiwa bado zimejaa chakula, na pembeni yake kuna chipukizi nyingine za akiba. Kwa hiyo mche uliokatwa na konokono unaweza kuota upya kutoka chini. Niliwahi kukusanya vikopo 9 vilivyokatwa nikaviweka pembeni nikisubiri nafasi ya kuvimwaga. Siku ya 11 vikopo 7 vilikuwa vimetokeza, na viwili kati ya hivyo vilikuwa na vichwa viwili. Weka vikopo mahali salama, mwagilia kidogo tu, na vipe wiki mbili au tatu.

Majani yanageuka njano

Kwanza nyanyua kikopo. Uzito wake utakueleza zaidi ya rangi ya jani.

Kikiwa kizito na udongo umelowa, mizizi inakosa hewa. Toa mche uone: mizizi mizima ni meupe na imekaza, iliyokosa hewa ni ya kahawia na ukiivuta ganda lake linachomoka kama soksi. Acha kumwagilia, weka kikopo juu ya kitu kinachonyonya maji, na kama udongo wenyewe ni mzito hamishia kwenye mchanganyiko wenye mchanga mkavu wa chembe kubwa.

Kikiwa na uzito wa kawaida, mche una zaidi ya wiki tano au sita, na njano inaanzia majani ya chini, ni njaa. Chakula cha mbegu kimeisha na cha udongo kimeisha. Mpe mbolea ya maji iliyozimuliwa nusu ya kipimo, mara moja kwa wiki, au uhamishe. Kumbuka tu kwamba mizizi ya jamii ya njegere hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Kwenye kikopo cha udongo mpya bakteria hao mara nyingi hawajafika bado, ndiyo maana mche mdogo huweza kuona njaa. Ila usimshibishe kupita kiasi, utajuta wakati wa maua.

Majani yakipata wekundu au zambarau kwa chini siku za baridi kali, usifanye kitu. Hurudi kijani hali ya hewa ikipata nafuu.

Mizizi imetoka chini ya kikopo

Huu ni mwito wa kuhamisha, na wengi huusikia wakiwa wamechelewa. Switipi hushusha mzizi mrefu mapema, hata wakati juu kuna majani manne tu. Kikopo kifupi huugeuza mzizi huo na kuuzungusha, na mche uliozungushwa mizizi huchelewa kushika ardhi. Tumia chombo chenye kina cha sentimita 12 hadi 15. Upana si muhimu sana.

Mirija ya karatasi ngumu, kama ile inayobaki karatasi ya chooni inapoisha, hufaa sana kwa sababu unapanda mche na mrija wake bila kugusa mizizi. Watu huogopa ukungu mweupe unaoota juu ya karatasi. Ukungu huo unakula karatasi, hauli mche. Kinachodhuru ni kingine: ukiacha ukingo wa mrija umetokeza juu ya ardhi baada ya kupanda, upepo huukausha, na karatasi huvuta maji kutoka kwenye mizizi kama utambi. Uchane ukingo huo, au uzike wote.

Mizizi ikiwa imeshajizungusha, usiifumue kwa nguvu. Loweka kikopo, toa mche, nyoosha tu ile inayojitoa yenyewe, na chimba shimo refu ili ishuke wima.

Siku chache baada ya kuhamisha, majani ni meupe kama karatasi

Jua na upepo. Mche uliokulia ndani una majani laini ambayo hayajawahi kupigwa na jua moja kwa moja, na ukiutoa siku moja na kuupanda siku hiyo hiyo, unaungua. Majani yaliyogeuka meupe hayarudi, lakini mche ukiwa na kichwa kizima utatoa mengine. Ukinge kwa tawi lenye majani au kitambaa chepesi siku nne au tano.

Dawa yake ya kweli ilikuwa kuukomaza kabla. Siku 7 hadi 10 zinatosha. Siku mbili za kwanza saa chache kivulini nje, kisha jua la asubuhi, kisha mchana mzima, kisha usiku pia. Miche iliyolelewa kwenye baridi tangu mwanzo inahitaji siku chache kuliko hizo. Iliyokomazwa vizuri huvumilia hata jalidi nyepesi, ule umande unaoganda alfajiri: utaikuta imeinama asubuhi, na jua likipanda inasimama. Baridi kali ya nyuzi nyingi chini ya sifuri ndiyo ya kuikinga nayo.

Mche uko hai lakini haukui

Mara nyingi jibu ni: ngoja. Wiki mbili au tatu za kwanza bustanini switipi hushughulika chini. Kama kichwa ni cha kijani na kimekaza, mwache.

Lakini kuna kosa moja lililojificha ambalo nimelikuta mara kadhaa. Udongo wa bustani una unyevu, mwenye bustani anaona unyevu, na mche unadumaa. Ingiza kidole kwenye bonge lenyewe la udongo wa kikopo, karibu kabisa na shina: kavu kama unga. Udongo mwepesi wa kuoteshea ukikauka kabisa hukataa maji, nayo hupita pembeni kwenda kwenye udongo wa bustani. Mizizi imefungiwa ndani ya bonge kavu katikati ya ardhi yenye maji. Mwagilia polepole, kikombe kwa kikombe, kwenye shina lenyewe, mpaka bonge lilowe. Ndiyo sababu kila mche unapaswa kuloweshwa kikamilifu kikoponi saa moja kabla ya kuupanda.

Ukinyauka mchana na kusimama jioni, ni joto tu, na matandazo ya nyasi kavu au mboji yatasaidia kupoza mizizi. Ukiwa umenyauka hata asubuhi na mapema, tatizo liko kwenye mizizi au shina. Chimba uone.

Ardhi yenyewe nayo ina sauti. Switipi inataka udongo uliolimwa kwa kina cha sentimita 30 au zaidi, wenye samadi iliyooza kabisa, usiotuamisha maji, na pH, yaani kipimo cha tindikali, ya karibu 7 au juu kidogo. Udongo wenye tindikali nyingi hupewa chokaa wiki kadhaa kabla ya kupanda. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga. Panda umbali wa sentimita 20 hadi 30 kati ya mche na mche.

Haipandi, imelala chini

Majani ya kwanza hayana nyuzi ndefu za kujishikia, hizo huja baadaye. Mpaka hapo funga mche kwa uzi laini, fundo legevu. Na hakikisha kuna kitu chembamba cha kushika: kamba, wavu, vijiti vya unene wa penseli. Nguzo nene, nyuzi haziwezi kuizunguka, zitapapasa na kuanguka.

Vidukari, na majani yenye mabaka

Vidukari hukusanyika kwenye kichwa kichanga. Vibane kwa vidole au vioshe kwa maji kila baada ya siku mbili, mapema, kabla havijawa vingi. Sababu ya kuharakisha si utomvu wanaonyonya tu bali virusi wanavyosambaza. Mmea wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano na kijani hauna dawa. Ung'oe, usiuonee huruma, ili uokoe jirani zake. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, unaoshamiri mizizi ikiwa kavu na hewa imesimama. Mwagilia chini na punguza msongamano.

Majani tele, maua hakuna

Naitrojeni ikizidi, mmea hujenga majani. Acha mbolea ya kukuzia na tumia yenye potasiamu zaidi. Kivuli kikizidi, matokeo ni hayo hayo.

Kuna chanzo kingine ambacho hakitibiki kwa mbolea, nacho ni urefu wa mchana. Switipi za majira ya joto, zikiwemo zile za Spencer zilizoanza na 'Countess Spencer' mwaka 1901, hungoja mchana wa saa 12 au zaidi. Aina za katikati, kama Mammoth, huanza kwenye saa 11 hivi. Aina za kipupwe, kama Winter Elegance, hutosheka na saa 10. Aliye karibu na ikweta, ambako mchana hauzidi sana saa 12 mwaka mzima, anunue aina za kipupwe au za katikati, azipande msimu wake wa baridi unapoanza, na ataona tofauti. Ukingoja maua kutoka aina isiyofaa, utalisha majani mpaka joto lije kuyaua.

Matumba yakitokea kisha yakageuka njano na kudondoka kabla ya kufunguka, angalia hali ya hewa ya siku zilizotangulia: mchana wa joto na usiku wa baridi ghafla, mawingu mfululizo, au ukame uliofuatiwa na maji mengi. Mimea michanga inayoanza kuchanua hufanya hivyo sana. Shikilia umwagiliaji usiobadilika badilika, na vishada vinavyofuata vitakaa.

Na maua yakianza kisha yakakatika ghafla huku mmea ni mzima, pekua kati ya majani utafute maganda. Ganda moja tu likianza kujaa mbegu, mmea huona kazi imekwisha. Kata maganda yote, kisha chuma maua kila baada ya siku moja au mbili, ua la chini kwenye kishada likiwa limefunguka na la juu bado ni tumba. Ukisafiri, mwombe jirani aje kujichumia, na mwambie asiache hata moja.